Chombo Kilichozaliwa na Ubahili

Ukiitazama seti ya dramu jukwaani, imepangwa nyuma ya wapiga gitaa na matoazi yake yanang'aa juu ya stendi kama sinia za harusini, ni rahisi kudhani kwamba hiki ni chombo cha kitajiri, na kwamba anayetafuta seti ya kwanza ya bei nafuu anatafuta utajiri huo uliopunguzwa makali. Historia inasema kinyume. Seti ya dramu haikubuniwa na mafundi waliopenda ukubwa. Ilitokana na wenye kumbi waliokataa kulipa watu watatu kwa kazi ambayo mmoja angeimudu, na tangu hapo karibu kila hatua iliyokiendeleza chombo hiki kwa kweli ilikifanya kipande kimoja kifanye kazi zaidi, badala ya kurundika vipande. Naishikilia hoja hii kwa sababu mtu anayenunua seti ya kwanza leo, awe Kariakoo, Nairobi au kwenye duka la mtandaoni, huvutwa na swali moja tu: ngoma ziko ngapi? Miaka zaidi ya mia moja ya chombo hiki inamfundisha kuuliza mengine kabla ya hilo.

Katika bendi za kijeshi za karne ya 19, Ulaya na Marekani, kazi ya midundo iligawanywa bila ubishi. Mmoja alibeba ngoma kubwa ya besi, wa pili snea, ile ngoma fupi yenye nyuzi chini zinazoipa mlio wa mchakacho, na wa tatu alishika matoazi, moja kila mkono. Bendi inapotembea barabarani mgawo huo haukwepeki, kwa kuwa hakuna mtu awezaye kuvibeba vyote akapiga hatua. Lakini bendi hiyohiyo ikiingia ukumbini na kuketi, sababu ya kuwa na watu watatu inayeyuka. Kumbi za maigizo na za dansi katika miji ya Marekani zilikuwa na nafasi finyu ya wanamuziki, na wenye kumbi walihesabu viti na mishahara kwa pamoja. Hapo wapigaji wakaanza kuhudumia ngoma mbili kwa mikono miwili. Besi iliwekwa upande wa kulia, snea ikaegemezwa juu ya kiti, toazi likafungwa juu ya besi. Mkwiro wa kulia ulishuka kwenye besi, ukarudi mbio kwenye snea kumalizia mdundo ulioanzwa na mkono wa kushoto, kisha ukarudi tena kwenye besi kabla pigo halijapita. Ulysses Leedy wa Indianapolis alipotengeneza stendi ya snea inayoweza kupandishwa na kushushwa, mwishoni mwa miaka ya 1890, snea ilipata mahali pake pa kudumu. Mkono wa kulia, hata hivyo, uliendelea kutumikia mabwana wawili.

Ufumbuzi ulikuwa mguuni. Dee Dee Chandler, mpigaji wa okestra ya John Robichaux huko New Orleans, anakumbukwa kama mmoja wa watu wa mwanzo waliojitengenezea pedali ya mbao ya kupigia besi, karibu na mwaka 1896. Pedali za namna hiyo zilikuwa nyingi wakati huo, nyingine zikining'inia kutoka juu ya ngoma, nyingine zikiwa nzito na zenye kuchelewa. Mwaka 1909, William F. Ludwig wa Chicago, aliyekuwa akipata riziki kwa kupiga kwenye maonyesho ya jukwaani, alikuta muziki mpya unakwenda kasi kuliko mguu wake. Akatengeneza pedali ambayo nyundo yake ilikuwa karibu na sakafu, yenye mwendo mfupi na springi ya kuirudisha, inayokunjika na kuingia kwenye mkoba. Yeye na ndugu yake Theobald wakafungua biashara mwaka huohuo. Kampuni ambayo baadaye ingekuwa kubwa kuliko zote Marekani haikuanza kwa kuuza ngoma. Ilianza kwa kuuza kipande kile kidogo cha chini. Ubao wa kukanyagia, springi, nyundo, na ngoma nzima inatii. Hata leo ukiikagua pedali mpya, yenye mnyororo na fani zake, bado ni mashine ileile.

Maendeleo hayo yaliwagharimu watu. Mtu wa besi na mtu wa matoazi hawakupandishwa cheo. Walirudi nyumbani bila kazi, na sifa ya wepesi wa yule aliyebaki ilijengwa juu ya viti vyao vitupu. Ndiyo maana nasema chombo hiki kilizaliwa na ubahili. Lakini ubahili huo uliacha kitu ambacho hakikuwahi kuwepo: miguu na mikono ya mtu mmoja ikizungumza kwa lugha moja, bila kusubiriana. Watu watatu walio hodari wanaweza kupiga kwa pamoja, ila hawawezi kusitasita kwa pamoja wala kuchelewa kidogo kwa makusudi kwa pumzi moja. Warren Dodds wa New Orleans, aliyeitwa Baby Dodds, alifanya hivyo kwenye meli za Mto Mississippi na baadaye Chicago, akitumia vitu ambavyo duka la leo lingeona haya kuviuza kama seti.

Hapa mtu anaweza kunipinga kwa picha za miaka ya 1910 na 1920. Seti za wakati huo zilijaa vitu: vipande vya mbao vilivyochongwa mashimo, kengele za ng'ombe, filimbi, ngoma ndogo za Kichina zenye ngozi zilizopigiliwa misumari na kupakwa rangi, matoazi ya Kichina yenye kingo zilizopinda. Inasemekana ndiyo sababu Wamarekani waliiita seti hiyo kwa jina lililotokana na neno la mtambo wa kuungaunga. Wingi huo si uongo, lakini mwingi wake ulikuwa na kazi nyingine. Filamu zilikuwa bubu, na mpigaji aliyeketi chini ya skrini alikuwa ndiye mlio wa farasi, ngurumo, mlango unaofungwa na bunduki inayolia. Alilipwa kwa milio hiyo kama alivyolipwa kwa midundo. Mwaka 1927 filamu zikaanza kusema zenyewe, na katika miaka michache ajira hiyo ikafa. Mwaka 1929 uchumi nao ukaanguka. Leedy na Ludwig, waliokuwa washindani wakubwa, wote wakajikuta mikononi mwa kampuni moja ya vyombo, C. G. Conn. Sehemu kubwa ya mapambo yale ikatoweka pamoja na filamu bubu. Jambo kubwa lililobaki kutoka miaka hiyo ni la mguu tena: matoazi mawili yaliyofungwa uso kwa uso chini ya kiatu cha kushoto, ambayo kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 yalikuwa yamenyanyuliwa hadi mkono uyafikie. Tunayaita haihati. Kwa mara ya pili kazi ya mtu mwingine, yule mshika matoazi wa bendi ya kijeshi, ilikabidhiwa mguu.

Umbo tunalolitambua leo lilikamilika katikati ya miaka ya 1930, na lilikuwa dogo. Gene Krupa, kijana wa Chicago aliyekuwa akipiga kwenye bendi ya Benny Goodman, alitaka tomu, yaani ngoma zisizo na nyuzi kama za snea, ambazo ngozi zake za juu na za chini zingeweza kukazwa kwa skrubu, badala ya zile za misumari zisizobadilika sauti. Kampuni ya Slingerland ikamtengenezea. Seti aliyoitumia kulitingisha jukwaa la Carnegie Hall mwezi Januari 1938 ilikuwa na ngoma nne: besi, snea, tomu moja juu ya besi na moja ya sakafuni. Nne tu, kwa mpigaji aliyekuwa maarufu kuliko wote duniani wakati ule. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja, serikali ya Marekani ikazuia chuma, na viwanda vya ala vikatakiwa vitumie chuma kisichozidi asilimia 10 ya uzito wa chombo. Slingerland wakachonga kwa mti mgumu vile vishikizo vinavyobeba skrubu, wakaiita ngoma hiyo Rolling Bomber. Washindani wao wakafanya vivyo hivyo. Ngoma za vita zilichekwa vita vilipokwisha. Leo wanaokusanya vyombo vya zamani wanazisaka, kwa sababu sauti haikutoka kwenye chuma kilichokosekana. Ilitoka kwenye mzinga wa mbao na ngozi iliyokazwa vizuri juu yake.

Juu ya ngozi nitakaa kidogo, kwa maana hapo msomaji wa pwani anayo elimu ambayo Mmarekani aliipata kwa taabu. Anayejua kuwamba ngoma anajua kwamba ngozi ina tabia ya hewa: mvua ikinyesha inalegea na sauti inadondoka, jua likiwaka inakaza hadi kupasuka. Ndiyo maana ngoma hukanzwa motoni kabla ya kuchezwa, na katikati ya shughuli mtu huirudisha tena kando ya makaa. Mpigaji wa dramu wa New York wa mwaka 1940 alikuwa na shida ileile, ngozi ya ndama juu ya mzinga wa bei kubwa, na hakuruhusiwa kuwasha moto ukumbini. Baadhi walifunga balbu ya umeme ndani ya besi ili kuipa joto. Katikati ya miaka ya 1950 Chick Evans na Remo Belli, kila mmoja kwa njia yake, walifaulu kutumia utando wa poliesta badala ya ngozi, na mwaka 1957 Belli alianzisha kampuni yake ya Remo. Hakuna mabadiliko mengine yaliyomsaidia mwanafunzi wa kawaida kuliko hilo. Ngozi ya ndama ilihitaji machinjio, fundi na subira. Za plastiki zinatoka kiwandani zote zikiwa sawa, haziogopi masika, na mtoto anaweza kuzibadilisha kwa ufunguo mmoja. Vilevile, ngozi mbili nzuri huifanya ngoma ya bei ya chini isikike kwa namna ambayo mzinga wa gharama hauwezi kusikika ukiwa na ngozi mbovu. Wauzaji hawalisemi sana hilo.

Mahitaji makubwa yalikuja usiku mmoja. Tarehe 9 Februari 1964 watu takribani milioni 73 Marekani waliwatazama The Beatles kwenye televisheni, na nyuma ya seti ya Ludwig yenye ngoma nne alikaa Ringo Starr. Kiwanda cha Chicago kikaanza kufanya kazi usiku na mchana, na bado hakikutosheleza. Vijana waliotaka kupiga walikuwa wengi, wazazi waliokuwa tayari kulipa bei ya Ludwig walikuwa wachache, na katika pengo hilo wakaingia Wajapani. Katsumi Yanagisawa alikuwa ameanzisha karakana Tokyo mwaka 1946 akitengeneza stendi za kuwekea nota. Mwaka 1950 akageukia ngoma, na kampuni yake ikaitwa Pearl. Familia ya Hoshino ikaingia nayo kwa jina la Star, ambalo mwaka 1974 liligeuka Tama, na Yamaha ikaanza kuuza dramu mwaka 1967. Viwanda vya Japani vilitengeneza maelfu ya seti ambazo kila muagizaji wa Marekani au Ulaya alizibandika jina lake mwenyewe, ngoma zilezile zikiuzwa kwa majina kadhaa, mizinga yake ikiwa ya plaiwudi ya mti wa lauani kutoka kusini mashariki mwa Asia. Walimu wa muziki walizidharau. Makosa yalikuwepo, ila yalikuwa mahali mahususi: stendi nyembamba zilizoyumba, skrubu zilizolegea, pedali zenye chuma laini kilichopinda. Mizinga yenyewe haikuwa na ubaya mkubwa, na leo wapo wanaozitafuta seti hizo kwa ajili ya sauti yao ya joto.

Pearl walilielewa somo hilo vizuri kuliko waliowacheka. Mwaka 1982 walitoa seti ya Export, ya bei ya kati, ambayo mzinga wake haukuwa na cha kujivunia, lakini stendi zake zilikuwa nene, zenye miguu ya vyuma viwili viwili kama za wapigaji wa kulipwa. Ikawa miongoni mwa seti zilizouzwa zaidi katika historia ya chombo. Kazi ya namna hiyo ikahamia Taiwan, kisha Uchina, bei zikashuka zaidi, na majina makubwa ya Marekani yaliyokuwa yakiwadharau Waasia yakaanza kuagiza kutoka viwanda vya Asia. Kwa hiyo ninaposema bei nafuu siongelei bahati nasibu. Ipo miaka sitini ya ushahidi juu ya mahali unafuu unapodhuru na mahali usipodhuru, na ushahidi huo unaelekeza kidole kwenye chuma kinachotembea kabla ya mbao zinazosimama.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu wenyewe. Mtu atasema: hiyo ni historia ya Chicago na Tokyo, huku Afrika Mashariki mwanafunzi hakununua seti ya kwanza kamwe, kwa hiyo habari ya kuchagua haimhusu. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli tupu. Ngoma ya besi ya kizungu iliingia pwani pamoja na bendi za kijeshi na za kimisheni, ikachukuliwa na vyama vya beni tangu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa kwanza, halafu chini hadi Tanganyika yote kwa vyama pinzani vya Marini na Arinoti. Vyama hivyo viliendeshwa na wanachama. Chombo kilikuwa cha chama, si cha mpigaji. Dansi lilipokuja, na Dar es Salaam Jazz Band ikaundwa mwaka 1932, utaratibu ukabaki wa kichama. Baada ya uhuru chama kikapokewa na taasisi: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, na polisi, jeshi na magereza nao wakawa na bendi zao. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi ilipokewa baadaye na shirika la DDC. Katika lugha ya wanamuziki neno ni moja, vyombo, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mpigaji hodari wa dramu aliweza kustaafu bila kumiliki hata toazi moja.

Nusu ya pili ya pingamizi ndiyo siikubali. Utaratibu ule haukuondoa swali la bei, uliligawa tu. Fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, ngozi iliyopasuka au pedali iliyovunjika ilikuwa tatizo la taasisi nzima, na fundi wa kulehemu akawa mtu muhimu kama mpigaji. Kwa nini seti hizo zilizochoka ziliweza kubeba muziki mzuri namna ile? Kwa sababu bendi zilifanya hesabu ileile ya kubana matumizi, ila kwa njia yao. Tumba zilikuwepo, na mpiga tumba alijaza nafasi ambayo mpigaji wa Marekani angeijaza kwa tomu. Dramu ikabakiwa na kazi ya msingi, besi, snea na haihati, na ikaifanya kwa ukamilifu. Leo taasisi mpya ni kanisa. Vijana wengi wa Tanzania na Kenya wanaopiga dramu walianza kwenye seti ya kwaya, saa za mazoezi, wakisubiri zamu. Anayejifunza hivyo anafika dukani akiwa tayari ana mkono. Anachohitaji nyumbani ni kidogo kuliko anavyodhani.

Ushahidi mkubwa kuliko wote kutoka upande wetu wa dunia uko Kinshasa. Zaiko Langa Langa, bendi iliyoundwa Desemba 1969 na vijana ambao hawakuwa na safu ya tarumbeta, iliweka mbele gitaa na dramu. Mpigaji wao, Meridjo Belobi, anatajwa kuwa ndiye aliyeupa umbo mdundo wa kavasha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wenyewe walisimulia kwamba ulitokana na mlio wa magurudumu ya treni. Mdundo huo ukavuka mipaka, ukaingia Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na mpaka leo sebene, ile sehemu ya wimbo inayotawaliwa na gitaa, haliendi bila jamaa za mdundo huo. Sasa uchunguze umekaa wapi. Umekaa juu ya snea, kwa mapigo ya haraka yanayogongana na kuachiana nafasi, haihati ikishika mwendo na besi ikisukuma kutoka chini. Tomu zinatembelewa pale mpigaji anapotaka kufungua mlango wa sehemu inayofuata. Mdundo uliochezesha nusu ya bara unaweza kupigwa, bila kupungua kitu, na mtu mwenye ngoma mbili na jozi moja ya matoazi. Siutaji ili kuwadhalilisha wenye seti kubwa. Nautaja kwa kuwa unamwambia mwanafunzi wa hapa, kwa muziki anaoujua tangu tumboni, kazi iko wapi.

Watu husema cha rahisi ni ghali, na wanaosema hivyo juu ya dramu hawakosei kila mara. Seti ya vipande vitano iliyojaa kwenye boksi moja kwa bei ndogo sana imepunguzwa mahali fulani, na si kwenye ngoma, kwa kuwa ngoma ndizo zinazohesabiwa na mnunuzi. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na mtengenezaji naye huvutia pale macho yanapotua. Kinachopunguzwa ni pedali na matoazi. Toazi la kale la jamii ya Zildjian, waliofua Istanbul tangu 1623 na kuhamishia ufundi Marekani mwaka 1929, ni la kuyeyushwa na kumiminwa, shaba asilimia 80 na bati asilimia 20. Yale ya kwenye boksi la bei ya chini mara nyingi ni shaba na zinki, aina ileile ya mabomba na vitasa. Yanapiga kelele ya sufuria na kunyamaza upesi. Lakini ngazi ya katikati ipo. Matoazi yanayokatwa kwenye bamba la shaba lenye bati asilimia 8 hugharimu kidogo kuyatengeneza, na si ya kudharauliwa: Paiste wa Uswisi waliyatumia kwenye mfululizo wao wa 2002, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na John Bonham wa Led Zeppelin akayapiga hadi mwisho wa maisha yake. Basi toazi moja la namna hiyo na haihati inayofunga vizuri vina thamani kuliko matoazi manne ya zinki. Pedali inayokwama nayo haimsumbui mwanafunzi tu. Inamfundisha vibaya, kwa sababu mguu unajizoesha kufidia kasoro ya springi, na tabia hiyo huchukua miezi kuiondoa. Hapo ndipo namkubalia mwenye kulalamikia vya rahisi, na ndiyo maana natetea kupunguza idadi badala ya ubora.

Wapo watakaosema pia kwamba mpigaji wa jazi Louie Bellson alikuwa na besi mbili tangu miaka ya 1940, na wapigaji wa roki wa miaka ya 1970 walijizungushia ngoma kumi na zaidi. Ni kweli, na baadhi yao walitoa muziki usiowezekana kwa nne. Ila waliziongeza wakiwa na swali ambalo ngoma ya ziada ilikuwa jibu lake. Mwanafunzi wa mwezi wa pili hana swali hilo bado. Tomu ya tatu kwake ni kitu cha kugonga njiani anapotafuta toazi.

Dramu za umeme ni hoja tofauti, na naiheshimu kwa sababu ya majirani. Kampuni ya Simmons ilizipa umaarufu mwaka 1981 kwa vibao vya pembe sita vilivyokuwa vigumu kiasi cha kuumiza viganja. Roland mwaka 1997 wakaleta ngozi za wavu, kwa msaada wa Remo, na mkono ukapata mrejesho unaofanana na ngoma. Anayekaa ghorofani kwenye kuta nyembamba hana la kuchagua, na kufanya mazoezi kila siku kwa vipokea sauti masikioni kunazidi kumiliki seti ya mbao isiyopigwa. Hata huko kipimo hakibadiliki. Baadhi ya zile za bei ya chini kabisa hazina nyundo ya besi. Kuna kibao cha kukanyaga kama swichi, na mguu haujifunzi uzito wowote. Zinazokubali pedali ya kweli, japo vibao vyake ni vichache, ndizo za kununua.

Kwa anayependa vya mtumba, historia hiyohiyo ndiyo orodha ya ukaguzi. Seti ya Kijapani ya miaka ya 1960 yenye jina lisilojulikana inaweza kuwa mali, mradi mzinga haujaacha duara na skrubu zote zinazunguka. Seti ya zamani ya Premier, Waingereza waliotengeneza ngoma tangu 1922, inahitaji tahadhari: kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 vipimo vyao vilitofautiana kidogo na vya leo, na ngozi ya kawaida ya dukani huenda isikae. Toazi lipitishwe kidole ukingoni kutafuta ufa, na litazamwe kuzunguka tundu la katikati, ambako stendi isiyo na kinga hulila taratibu.

Mwaka 2013 Ludwig, kampuni iliyoanza kwa pedali, ilishirikiana na Questlove, mpigaji wa dramu wa kundi la The Roots, kutengeneza seti ya bei nafuu iitwayo Breakbeats, kwa ajili ya watu wa vyumba vidogo na kumbi finyu. Inatengenezwa Asia. Ngoma ni nne, kama za Krupa na za Ringo, na besi yake ina kipenyo cha inchi 16, sawa na tomu ya sakafuni ya seti nyingi. Ukifungua boksi unakuta ngoma na vishikio vyake vichache. Pedali haimo, wala matoazi hayamo. Mnunuzi anakwenda kuyatafuta mwenyewe, kimoja kimoja, na kuijaribu pedali kwa mguu wake kabla ya kulipa.